Vikombe vya Mlangoni

Jioni ile nilishuka kwenda kutafuta vitunguu tu. Nyanya zilikuwa zimeshakatwa, unga wa sembe niliobeba kutoka Dar uko kabatini, na mume wangu amekaa kibarazani na kaptula yake akiangalia mto. Nikamwambia, Baba Kalista, usilisogelee hilo jiko mpaka nirudi, maana yeye akishika sufuria nyumba nzima inanuka moshi. Akacheka. Kicheko kile nakikumbuka kuliko maneno yote aliyowahi kuniambia, kwa sababu kilikuwa chake.

Ilikuwa Aprili, mwaka 2007, Guangzhou. Mimi naitwa Sia, nauza jeans Kariakoo, na miaka ile kila mwenye duka alikuwa anakimbilia China. Mji ule niliuzoea. Zhanxi naangalia sampuli, Xintang naweka oda viwandani, usiku nalala kwenye kihoteli karibu na stesheni ya treni. Lakini safari ile maonyesho makubwa ya Pazhou yalikuwa yanaanza, hoteli zimejaa wanunuzi wa dunia nzima, na mimi sikuwa peke yangu. Heriel alikuwa amekuja nami kwa mara ya kwanza. Tulioana tukiwa hatuna hata godoro. Watoto wakaja, gereji yake ikaja, duka langu likaja, fungate haikuja. Akasema basi hii ndiyo fungate yetu: mchana nikahangaike na jeans zangu, jioni nimrudie.

Aliyetutafutia pa kulala ni Ussi, Mzanzibari aliyekaa Guangzhou miaka mingi akiwatafsiria wafanyabiashara na kuwatafutia vyumba. Tulitaka mahali penye jiko, kwa sababu Heriel ana vidonda vya tumbo na chakula cha mitaani kingemuua. Ussi akatupeleka kwenye kisiwa kidogo katikati ya mto, unavuka kwa kivuko. Kisiwa chote kinaishi kwa pombe. Kuna kiwanda cha zamani kinachokeneka pombe ya mchele, mitungi mikubwa imepangwa uani, na nyuma yake jengo la ghorofa moja walilokuwa wakilala wafanyakazi zamani. Wenye kiwanda walilipaka rangi wakaligeuza fleti za wageni. Watu wa mjini huja siku za mapumziko, wanajipikia, wanapunga upepo, wanarudi na chupa zao. Katikati ya wiki tulikuwa peke yetu.

Harufu ilikuwa moja tu, mchana na usiku. Wali uliochacha. Heriel alisema inamkumbusha kwao Machame, siku ya kupika mbege, pombe yetu ya ndizi. Mimi ilinikaa kooni.

Basi nikapata vitunguu vyangu kwa mama mmoja karibu na kivuko, nikarudi. Jua lilikuwa linazama. Mume wangu nikamkuta chini, mlangoni, amechuchumaa.

Pale chini, nje ya mlango, kulikuwa na kisanduku chekundu cha kuabudia, kimeelekezwa mtoni. Mbele yake vijiti vitatu vya ubani vinawaka na vikombe vitatu vidogo vya pombe. Zhanxi kila duka lina kisanduku cha namna hiyo, lakini chao huwekwa ndani. Mimi huvipita kama ninavyoruka dimbwi. Heriel hajui kupita kitu. Huyu ni mtu ambaye akila barabarani anamkaribisha kila anayepita, na wakikataa ananuna.

"Mama Kalista," akaniambia, "hawa wanamwekea mtu pombe na hakuna aliyeonja. Mgeni atajuaje kama haina kitu?"

Kwetu mwenye nyumba huonja kwanza. Unakunywa funda mbele ya macho ya mgeni, aone haina sumu wala uchawi, ndipo unampa. Ukishampa umeshakuwa mwenyeji wake, na yeye hawezi kukataa. Heriel alilelewa hivyo na baba yake. Mkono ukaenda wenyewe. Akachukua kikombe cha katikati, akaonja, akakunja uso kwa ukali wake, kisha akakinyoosha kwa mikono miwili kuelekea mtoni na kusema kwa Kimachame, kwa sauti ya heshima kama ya marehemu baba yake:

"Karibu, mzee. Haina kitu. Karibu ndani."

Nikacheka. Naye akacheka. Akakirudisha kikombe mahali pake.

Vijiti vyote vitatu vikazimika.

Akasema ni upepo. Nikatazama nguo zilizoanikwa kwenye kamba ya kiwandani. Hazikutikisika.

Tukapanda ngazi. Yeye mbele, mimi nyuma na mfuko wangu wa vitunguu. Nyuma yangu nikasikia kandambili zilizolowa… chwa… chwa… Nikadhani ni mtu wa kiwandani. Nikasimama kumpisha. Zikasimama. Nikageuka.

Hakukuwa na mtu.

Nilipika ugali na mchicha wao, tukakaa kula. Heriel ndiye aliyepanga sahani. Nikaona tatu. Nikamuuliza ya tatu ya nani. Aliitazama ile sahani muda mrefu, uso wake umeduwaa.

"Sijui," akasema polepole. "Nimeona kama tuko watatu."

Nikaitoa sahani nikaiosha ingawa ilikuwa safi. Nilijiambia ni uchovu wa ndege.

Kesho yake nilikwenda Xintang na Ussi. Heriel alisema tumbo linamsumbua, atabaki apumzike. Kutwa nilipigana na wenye viwanda, rangi hii siyo, zipu hii mbovu, na kila nikiomba kitu wanajibu meiyou, meiyou, hakuna. Nilirudi na kivuko cha mwisho, miguu inawaka moto. Pale mlangoni vikombe vilikuwa vimewekwa kama jana. Mwenye fleti alivijaza kila jioni. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mke wa mwenye kiwanda, na sisi tulimwita laoban, bosi, kama tunavyowaita wote kule. Nilimkuta amesimama mbali kidogo na kisanduku, mikono kifuani, anavitazama. Vilijaa hadi juu. Aliponiona akasema kitu haraka haraka, akanyoosha kidole dirishani kwetu. Sikumwelewa. Nikamwambia asante, nikapanda.

Katikati ya ngazi nikamsikia Heriel anaongea.

Aliongea Kimachame, taratibu, kama anavyoongea na wazee. Anasema, ananyamaza. Anasikiliza. Anasema "ndiyo" kwa kikwao, anacheka kidogo kwa adabu. Kisha ananyamaza tena… kitambo… kama mtu anayesimuliwa jambo refu.

Nikafungua mlango. Alikuwa mezani, na mezani kuna vikombe viwili. Kiti cha upande wa pili kilikuwa kimevutwa nje, na mto wake wa kukalia ulikuwa umebonyea. Maji yalidondoka kutoka kwenye kiti kwenda sakafuni. Tone… Tone…

"Umekuja wakati mzuri," mume wangu akasema. "Msalimie mgeni."

Nilimuuliza mgeni gani, sauti ikatoka kama ya mtoto. Alikitazama kikombe cha upande wa pili, na mimi nikakitazama. Pombe ilikuwa nusu. Ikapungua. Hakuna mkono, hakuna mdomo, ikapungua mpaka nikaona ua la bluu lililochorwa chini ya kikombe.

Harufu ya tope la mto ilijaa chumba kizima.

Nilimshika mkono Heriel nimvute tutoke. Mkono ulikuwa wa baridi, na suruali yake imelowa hadi magotini, wakati alisema kutwa nzima atabaki ndani. Mdomo wake ulinuka pombe, yeye ambaye kwa vidonda vyake hata bia alishaacha. Nikamwambia tunaondoka sasa hivi, hata kama ni kulala stesheni. Akautoa mkono wangu, tena kwa upole. Akasema nitamwachaje mgeni peke yake nyumbani, Mama Kalista, umenionaje. Alisema hivyo kwa mshangao, kama nimemwomba amtemee mtu mate. Na kivuko cha mwisho kilikuwa ndicho hicho nilichokuja nacho.

Nikampigia Ussi. Nikalala chooni, mlango nimeufunga, rozari mkononi. Huko nje waliendelea kuongea.

Ussi alikuja kabla ya adhuhuri, mvua inanyesha. Ni mtu wa mizaha, lakini alipomwona Heriel mizaha ikamwisha. Mume wangu alimpokea vizuri mno. Akamvutia kiti, akamuuliza habari za wazazi wake Unguja, akamwomba radhi kwamba mgeni amepumzika kidogo, atakuja jioni. Macho yalikuwa yamemwingia ndani. Ussi akanivuta pembeni, akaniambia tukamtafute laoban kwanza.

Laoban hakukubali hata kupanda ngazi. Tuliongea naye uani, kati ya ile mitungi, na kila Ussi alipotafsiri, sauti yake ilizidi kushuka. Alisema vikombe vile ni vya mlinzi wa mitungi. Aliishi pale kabla yeye hajaolewa katika ukoo ule, na alikufa majini. Alikufaje? Laoban aligeuza uso. Alisema tu kwamba kila jioni lazima anyweshwe pale nje, ili asipate sababu ya kuingia. Alimkuta mama mkwe wake akifanya hivyo, naye anafanya. Miaka yote hiyo hapajatokea mtu wa kumwambia karibu ndani.

"Kasema sasa hanywi tena nje," Ussi akaniambia. "Keshapata mwenyeji."

Nikamuuliza dawa yake nini. Ussi akauliza. Mwanamke yule akatikisa kichwa, akatikisa tena.

Meiyou.

Nikamwangukia, jamani. Mimi Sia, ninayegombana na matajiri wa Xintang mpaka wanazima simu zao, nilipiga magoti kwenye ule uwanja wenye maji nikamshika sketi. Naye alikuwa analia. Alisema maneno machache kabla hajajifungia ndani, na Ussi hakutaka kunitafsiria mpaka nilipomkaba. Alisema mgeni akikirimiwa, naye hukirimu. Akishalipa fadhila mumeo atakuwa mgeni wake, na yeye atakuwa mwenyeji.

Tukapanda mbio. Tukamshika Heriel, mmoja huku mwingine huku. Mwanzoni alikuja. Tukashuka naye ngazi yote, analalamika tu kwamba tunamtia aibu. Tulipofika kwenye kizingiti cha chini akawa mzito. Sijui niseme vipi. Hakushikilia kitu, hakusukumana nasi. Alikuwa amesimama tu, na hasogei. Ussi anabeba marobota ya jeans begani, mwanamume mwenye nguvu, alivuta mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Ilikuwa kama kuvuta nguzo ya umeme. Heriel alinitazama, machozi yanamtoka.

"Niacheni," akasema. "Siwezi kutoka na mgeni yumo ndani. Siwezi, Mama Kalista. Nataka, ila siwezi."

Hapo ndipo nilipojua kwamba anajua. Alikuwa anajua kila kitu, na adabu aliyofundishwa na baba yake ilikuwa imemfunga miguu.

Ussi alisema anavuka kwenda kuwaleta vijana wa Kitanzania wanaokaa Xiaobei, na shekhe mmoja anayemfahamu, watarudi kabla ya jioni. Nilimwona anakimbia kwenye mvua. Lakini mvua ile haikuisha. Ilizidi mpaka mto haukuonekana, na kivuko kikasimamishwa. Alinipigia kutoka ng'ambo. "Dada Sia, wamekataa kunivusha. Mie niko hapa hapa. Soma chochote unachokijua, usinyamaze."

Nikasoma. Salamu Maria zote nilizofundishwa na bibi yangu. Heriel alikuwa amekaa mezani, ameoga, amechana nywele, amevaa shati jeupe alilokuja nalo kwa ajili ya kutembea nami Pazhou. Nje kukaanza giza. Nikasogeza kabati nikaliegemeza mlangoni, nikaweka meza ndogo juu yake, nikakaa chini mgongo ukiliegemea.

Chini, mlango wa nje ukafunguka.

Chwa… chwa…

Ngazi ya kwanza. Ngazi nyingine.

Nilisema "Yesu" kwa nguvu, na neno halikutoka. Midomo ilikuwa inacheza bila sauti. Nikataka kuinuka, miguu haipo. Nilikaa pale sakafuni kama gunia, macho tu yakifanya kazi, na harufu ya tope ikapita juu ya kichwa changu, ikapita kabati, ikapita meza, kama vile sijaweka kitu. Kile kiti cha pili kikasogea.

Safari hii Heriel hakukigusa kikombe. Aliweka mikono magotini akasubiri.

Kikombe cha upande wa pili kikanyanyuka. Kikainama kidogo hewani. Nikasikia funda moja likimezwa, polepole, na pumzi ikatoka baada yake… aah… kama mtu aliyekata kiu ya siku nyingi. Kisha kikombe kikavuka meza na kusimama mbele ya kifua cha mume wangu.

Alikuwa ameonjewa.

Heriel aligeuza shingo akanitazama. Nilimwambia usinywe. Nilimwambia kwa macho, kwa moyo, kwa kila kitu nilichonacho, kwa sababu mdomo nilinyang'anywa. Nilimwambia kuhusu Kalista. Nilimwambia kuhusu gereji. Nafikiri alinisikia. Lakini mgeni hawezi kukataa.

Akakipokea kwa mikono miwili, akanywa.

Wakaondoka pamoja. Mlango ulifunguka na kabati likasogea lenyewe bila kelele, nami nikasogea nalo. Nilisikia miguu ya watu wawili ikishuka, viatu vya mume wangu na zile kandambili. Ikatoka nje. Ikaelekea mtoni. Nilisikia maji yakigawanyika, chubwi, na mvua ikafunika kila kitu.

Halafu ikarudi miguu ya mtu mmoja.

Viatu. Viatu vya Heriel, ninavijua, kisigino cha kushoto kimelika. Vikapanda vikasimama mlangoni. Mlango ulikuwa wazi, lakini hakuingia.

"Hodi," akasema.

Sauti ilikuwa ya mume wangu. Miguu yangu ilinirudia, na mdomo ulinirudia, na neno la kwanza lililotoka, Mungu wangu, lilitoka lenyewe. Nilisema karibu. Nilisema karibu, karibu baba, nikamrukia shingoni, nikalia kwenye shati lake lililolowa. Wewe ungesema nini?

Asubuhi Ussi alitukuta tumeshafunga mizigo. Kizingiti hakikumzuia mume wangu tena. Ussi alimshika mabega akamtazama kila upande, akashukuru Mungu. Mume wangu akamshukuru pia, kwa maneno mengi mazuri. Alibeba mabegi yote. Kwenye kivuko hakuangalia nyuma hata mara moja. Mimi niliangalia. Dirishani kwetu mtu wa shati jeupe alikuwa amesimama, ameinua mkono.

Nikajiambia ni pazia.

Tumerudi Kimara, nyumbani kwetu. Ndugu wanasema China imemfaa, amenenepa, vidonda vya tumbo vimepona. Ni kweli. Hajawahi kunipandishia sauti. Lakini akitoka kazini hupiga hodi kwenye nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, na husubiri nimwambie karibu ndipo avue viatu. Husubiri nimwonyeshe pa kukaa. Akila husifu chakula, halafu anashukuru. Haingii jikoni kuniunguzia sufuria. Mimi ananiita mama tu, kama mtu anavyomwita mwanamke yeyote mwenye nyumba. Kitandani hulala pembezoni kabisa, mikono kifuani, na asubuhi shuka la upande wake nalianika juani.

Mama yake mzazi alikuja kutoka Machame kumwona. Akakaa naye sebuleni nusu saa. Alipotoka alinishika mkono uani, akaniuliza kwa kunong'ona Heriel yuko wapi.

Mwezi wa kumi, maonyesho mengine, rafiki yangu Melania alikwenda Guangzhou. Hoteli zimejaa kama kawaida, na dalali mwingine, siyo Ussi, akampeleka kisiwani. Sikuwa nimemwambia Melania lolote. Nani angeniamini? Alinipigia jioni akiwa anacheka, ananilaumu.

"Mbona hukuniambia kwamba shemeji amebaki huku? Katupokea vizuri jamani. Ila amekonda."

Niliegemea ukuta. Sebuleni mume wangu alikuwa anatazama taarifa ya habari, mgongo umenyooka. Nikamuuliza Melania shemeji amesema nini. Akasema hakuelewa vizuri, ila shemeji alimpa maneno aniambie.

"Kasema umshikilie mgeni. Akiomba ruhusa ya kuondoka usimpe, mpaka yeye shemeji apate njia ya kurudi. Mgeni gani, Sia?"

Nikamwambia atoke kwenye fleti ile sasa hivi, asile, asinywe, atoke. Alipogeuka kumuaga mwenyeji wake, chumba kilikuwa kitupu. Laoban alimwapia kwamba pale hakai mtu.

Sasa nieleze nifanye nini. Nikienda kumfuata Heriel, nani atabaki hapa kumzuia huyu? Na huyu akiondoka, anaondoka na mwili. Ninao huo mwili mmoja tu wa kumrudishia mume wangu. Nilimpeleka kwa padri, akapiga magoti vizuri kuliko mimi. Ussi ameuliza kwa mashekhe, ameuliza kwa wazee wa Kichina. Kila anayeelezwa anauliza swali hilo hilo, alikaribishwa na nani, na akijibiwa anatikisa kichwa.

Na sasa ameanza kuaga.

Ilianza baada ya ile simu. Kila jioni, jua likielekea kuzama, anasimama katikati ya sebule, shati limefungwa vifungo vyote, anasema, "Mama, umenikirimu vya kutosha. Naomba ruhusa." Nami namshika kwa adabu ile ile iliyomshika Heriel. Nasema kaa kidogo, chai iko jikoni. Nasema mvua itanyesha. Nasema utaondokaje nyumbani kwangu na njaa, watu watanielewaje. Naye mgeni mwema, anakaa. Nimeacha kwenda dukani jioni. Sijalala nje ya nyumba hii hata kwa msiba. Kila siku nabuni sababu, na sababu zinaniishia, na yeye anajua kwamba zinaniishia.

Leo ameomba mapema, jua liko juu bado. Nimemwambia maharage hayajaiva. Akatabasamu kwa mdomo wa mume wangu, akasema atasubiri, ila leo angependa tule pamoja, kisha nimsindikize mimi mwenyewe. Siyo mbali, akasema. Mpaka njiani tu.

Amekaa pale. Namsikia anavuta pumzi taratibu, hana haraka.

Maharage yameiva tangu mchana. Nimeongeza maji.